Mtu wa Kunirudisha Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Vinyozi hatufungui Jumatatu. Ndiyo siku yangu ya kunyolewa — mlango umefungwa, pazia limeshushwa, Profesa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, nyuma yangu na wembe. Wateja wakijua nitaumbuka! Wiki nzima nawaambia huyu ni mchinjaji. Na kibao chake kile, "Profesa wa Nywele"! Yeye naye huwaambia mikono yangu inatetemeka. Lakini kinyozi hajinyoi. Jumatatu hii mimi, ijayo yeye. Miaka na miaka tunanyoana hivi, na hatusemezani.

Leo kasema. Wembe ulisimama nyuma ya sikio la kushoto, akabonyeza kwa kidole. "Hiki hakikuwepo. Nenda hospitali." Nikamwambia anyoe, asinitafutie ugonjwa. Wivu tu. Mimi nina viti vitatu, yeye viwili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda. Si kwa sababu yake — nilikuwa napita.

Daktari, binti wa kumzaa kabisa, kabonyeza palepale. Uvimbe utolewe Jumatano, kwa nusu kaputi, upelekwe kupimwa. Nikauliza, na majibu yakiwa mabaya? Akasema tusitangulie. Mtu akikuambia msitangulie, ujue yeye keshafika.

Halafu muuguzi: nije na mtu wangu wa kuaminika. Akae mpaka nizinduke, anirudishe nyumbani. Bila mtu hawanigusi. Nikamwambia mimi nina watu, mji mzima nimeushika kichwa. Akasema mmoja tu anatosha.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja Mshauri, yule anayeitwa maofisini kufundisha watu kujitunza. Nikamtupia swali, mtu asiye na wa kumpeleka hospitali afanyeje, nikavunga ni la rafiki yangu. Akakaa sawa kitini. Kujitunza, akasema, si kulala mapema na kunywa maji tu, ni kuwa na watu wa kuwaegemea, na kuwaambia mapema bila kuona haya. Maneno mazuri! Nikamuuliza yeye huegemea nani.

Nikamaliza upande wa kulia. Kisha akanisimulia jinsi mkewe alivyohama. Wateja wanasubiri, yeye anasimulia. Alipoinuka akashukuru, eti ameutua mzigo. Ameutua kweli — kwangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia dada mkubwa. Kosa! Nilimwomba abaki nalo moyoni. Likawa kwenye grupu la familia kabla chai yangu haijapoa. Kufika mchana pana kamati, mwenyekiti shemeji. Maua yametumwa, na mikono iliyoshikana. Binamu katuma dawa ya kitunguu saumu. Wote wako pamoja nami.

Nikaandika: Jumatano asubuhi nani atakuja? Wamesoma, nimeona wamesoma. Jioni mwenyekiti kajibu kwamba hoja imepokelewa, itajadiliwa kwenye kikao — Alhamisi.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikakaa kitandani, upande aliokuwa akilala marehemu mke wangu, kicheko kikaisha. Naogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hapana kamati.

Jumatatu, 10 Machi

Zamu ya Profesa kunyolewa. Nikapaka povu, nikashuka na wembe toka kidevuni hadi kooni. Alikuwa amefumba macho, karibu kusinzia. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwambia muuza magazeti kwamba mimi nanyoa kama ninayefyeka shamba. Na mtu huyu ananiachia koo! Na mimi namwachia langu. Hajawahi kunitoa tone la damu. Dada yangu nampenda sana, lakini wembe simpi.

Nikasema, Jumatano wananitoa kile kidude, wanataka niende na mtu. Nilisema kama ninayesimulia mvua. Akauliza saa ngapi. Saa mbili, nikasema, lakini najua Jumatano una wateja wengi.

"Maliza ndevu," akasema.

Basi. Mpaka sasa sijui hiyo ni ndiyo au hapana.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali. Nimevalishwa gauni lililo wazi nyuma, heshima yote imebaki kwenye kiti pamoja na suruali.

Nilimkuta Profesa langoni. Kafunga duka, kabandika karatasi: "Nimefiwa." Nikamuuliza kafiwa na nani, maana mimi bado nipo. Akasema wateja hawakubali sababu nyingine.

Wamenyoa nyuma ya sikio, tayari kwa kupasua. Muuguzi alipofika na kinyoleo chake cha plastiki, Profesa alimuuliza kwa upole keshanyoa vichwa vingapi. Akajitolea. Hairuhusiwi. Basi akasimama pembeni kumwangalia mkono, jasho likamtoka yule mama wa watu. Grupu limetuma maua tena.

Sasa muuguzi anajaza jina la msindikizaji. Kamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Ndiye ninayemnyoa."

Muuguzi akasema hiyo haimo kwenye fomu. Ndugu, au rafiki? Profesa kanitazama mimi. Mimi nimetazama dari.

Machela imefika. Profesa keshanishikia simu, saa, viatu. Sasa kanyoosha mkono, anataka na daftari hili. Nimemwambia humu katukanwa tangu ukurasa wa kwanza. Kasema hata barabarani huwa anatukanwa, lete.

Muuguzi bado kashika kalamu, anasubiri, ndugu au rafiki, na safari hii ananiuliza mimi. Haya Profesa, ukisoma hapa, mwambie aandike ndugu.