Gunia la Kumletea Mbwa

Jumamosi, Agosti 2008. Baridi imekalia milima tangu asubuhi, na mimi nimeshinda kwa magoti nikiziba ua.

Kesho mbwa anakuja. Ndio kwanza ameacha kunyonya, na ataletwa na binti yangu Mwende kutoka Kathiani. Mwende ana miaka tisa. Alikuwa bado anatambaa mamake alipofariki, nikampeleka kwa mama yangu kwa sababu kazi yangu ilikuwa ya shifti, usiku na mchana. Sasa anahamia kwangu. Mbwa ni hongo, tusidanganyane.

Basi nimefanya kazi ya hongo. Tundu la chini ya lango nimelijaza mawe. Viatu vyote viko juu ya kabati. Sumu ya panya nimeitoa nyuma ya jiko nikaitupa chooni. Kwa malazi nimechukua sanduku la mbao la nyanya, nikatandika sweta yangu kuukuu. Jirani yangu, Mama Kioko, alichungulia juu ya ua akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ngai! Mbwa wa kulala kwa sweta! Na mtoto, Baba Mwende, umemwekea nini?"

Niliinama tena kuziba ua. Kitanda kipo, neti ipo. Zaidi ya hapo sijui mtoto wa miaka tisa huwekewa nini.

Jioni nikampigia mama simu kumkumbusha gunia. Kwetu mbwa mdogo husafirishwa ndani ya gunia lililofungwa, asione njia, asije akatoroka kurudi kwa mamake. Hilo halina mjadala. Hata mbwa wa marehemu baba walikuja hivyo, na hakuna aliyewahi kutoroka.

"Huyu mwiitu wako, huyu binti, amekataa," mama akasema. "Gunia ameificha, hata sijui wapi. Ongea na yeye mwenyewe, mimi nimeshindwa."

Mwende akapewa simu. Nikamwambia bila gunia mbwa atatoroka.

"Si ndio, baba. Acha aone njia. Asipopenda huko kwako, ajue kurudi."

Huko kwako.

Nimeumia, nikiri tu. Nilidhani nimezoea kukaa peke yangu, kumbe miaka hii yote nilikuwa namngoja. Nilitaka kumkemea, nimwambie mila ni mila na mtoto hafundishi wakubwa. Nikajisikia nikisema, "Haya. Mbebe kwa mikono."

Akasema asante, akakata simu kabla sijauliza anapenda kula nini.

Kesho nitawapokea stendi. Kabla hatujaja nyumbani, nitamwonyesha Mwende mahali magari ya Kathiani hupakia, ili na yeye aijue njia. Akisema anataka kurudi kwa nyanyake, nitampandisha gari, nibaki na mbwa.

Lakini, jamani, abaki.