Panga Ndani ya Kabuti

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana tangu Jumamosi ya mnada silali usiku na mlango ukigongwa najificha uvunguni. Mimi ni mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapa Mahongole, panga halinitoki mkononi kwa sababu ndilo linalonisafishia mianzi, na mwezi uliopita tarishi wa jumbe alitusomea amri ya Boma barazani, baada ya walevi wawili kukatana kilabuni, akasema ni marufuku mtu kuingia mnadani amechukua panga wazi, nami niliposikia neno hilo "wazi" nikaona nimeelewa, nikainuka kabla hajamaliza, kwani jua lilikuwa limegeuka na mianzi haimngoji mtu, usipoichonga upya ulanzi hautoki. Basi Jumamosi nikaenda mnadani Makambako kwa mhunzi, mpini ulikuwa umelegea, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutii amri nikalificha panga ndani ya kabuti langu la vitani, nikafunga mkanda juu, hata ncha haikuonekana. Kumbe askari Enoki ananitazama ninavyotembea, mguu mmoja mkavu kama nguzo, akasema, "Kamwene, ndugu yangu, hebu inua mikono," nikainua, panga likaanguka paa! katikati ya akina mama wauza viazi, wakapiga yowe, nami badala ya kusimama nikaliokota nikakimbia nalo, naye nyuma yangu ananiita kwa jina langu na la baba yangu.

Sasa tarishi ameleta samansi, niwe kortini kwa jumbe Jumanne ya tarehe 24, na amesema nyumba zetu zitapekuliwa siku yoyote. Panga nimelichomeka darini kwa mama yangu, chini ya mahindi, yeye hajui. Mke wangu Avelina anasema nikimbilie Ludewa kwa wajomba, shemeji yangu Alfonsi anasema nilitupe mtoni kisha nikane kabisa, "Watakuhukumu kwa panga lipi?" Mshauri, naogopa jela, naogopa viboko, naogopa hata mbwa akibweka. Nikimbie, ama nikane?

Mimi K., Mahongole

JIBU LA TARSIS

Bwana K., jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, maana gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi na samansi haisubiri. Nalichapa hapa kwa sababu wagema mko wengi.

Pole sana. Hofu yako naiona. Lakini lo, bwana! Nilikuwa karani wa korti miaka kumi na mmoja, amri za namna hiyo nimezinakili mpaka vidole vikaota sugu, nazo haziishii kwenye "wazi". Mbele yake huandikwa "wala kwa kificho". Maneno matatu hayo ndiyo uliyoyaacha ukawahi ulanzi! Mwenye panga begani watu humwona wakampisha. Mwenye panga ndani ya kabuti, nani ajue anamtafuta nani? Ungemwambia Enoki tu, "Nakwenda kwa mhunzi," huenda leo ungekuwa mianzini kwako.

Ludewa usiende. Huko nako kuna jumbe, na jumbe ana tarishi. Alfonsi naye mwambie akale kiapo yeye, kama anauona uongo mtamu. Kortini utaulizwa ulikuwa na kazi gani na chombo hicho, nawe kazi unayo, na mpini uliolegea ni shahidi wako. Ukilitupa panga mtoni umemtupa shahidi.

Mwite tarishi leo, jua likiwa juu, aje alichukue panga mbele ya majirani. Usilibebe wewe tena. Jumanne fika mapema, mwombe mhunzi akufuate, kabuti liache nyumbani. Sema hukuisikiliza amri mpaka mwisho, na kwamba kukimbia kulikuwa kosa. Adhabu siwezi kukuahidi kwamba haitakuwapo, ila mtu aliyekuja kwa miguu yake hahukumiwi kama aliyeletwa kwa kamba.

Lakini kabla ya tarishi kuna jambo moja. Umenijazia karatasi kwa hofu yako, jela yako, viboko vyako, na mama yako umempa maneno mawili: "yeye hajui". Wapekuzi wakiingia asubuhi hii, dari ni ya nani? Mama wa watu atasimama mlangoni aape kwa jina la Mungu kwamba nyumbani mwake hamna panga, nao watalishusha mbele ya macho yake. Weka barua hii chini. Nenda ukamwambie.