Disk Ipi?

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimewasha laptop ya Baba, nikaenda kumenya viazi. Viazi vimeisha, yenyewe bado inazungusha kiduara.

Baba anaihitaji. Ndimo zilimo nyimbo za Kibena alizomrekodi Bibi, na anataka kwaya izijifunze kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. "Ikizima katikati nitaimba mwenyewe, na hapo mmekwisha." Mama alicheka. Mimi nilikuwa nawaza. Nimesoma kuhusu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta — kuna aina nyepesi, za mashine kuukuu kama hii. Nimemwomba Baba nijaribu. Kasema haya, ila nyimbo zisiguswe.

Jumatatu, 16 Juni

Makambako, kwa binamu Patrick, anayetengeneza simu karibu na stendi. Nilisimama mlangoni mpaka akauliza kama nimeajiriwa ulinzi.

Ameniwekea Linux kwenye flash disk. "Mfumo mwepesi, kwa Lightness mwepesi wa kukimbia watu." Wateja wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Kasema niiwashe kwanza kutoka kwenye flash, haitagusa kitu. Nikitaka kuiweka moja kwa moja ndani ya laptop, nimpigie. Nikaitikia. Moyoni nilijua sitapiga. Simu inanitisha kuliko mtihani wa hesabu.

Jumanne, 17 Juni

Imewaka! Upesi, bila kukoroma.

Nyimbo zote nimezikuta. Nimefungua mmoja. Bibi anakohoa, kisha anasema "Kamwene", kama vile simu inayomrekodi ni mgeni aliyebisha hodi. Ndipo anaimba. Baba alisimama mlangoni na jembe begani mpaka wimbo ukaisha. "Kumbe haijafa," akasema. Nikajiona mtu.

Lakini nikichomoa flash, uzito unarudi palepale. Itabidi niiweke kabisa.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliiweka peke yangu. Ikauliza: erase disk? Yaani ifute disk. Kwetu disk ni flash disk — shuleni, nyumbani, hata kwa Patrick. "Nipe disk yako." "Disk yangu ina virusi." Nikadhani inataka kuisafisha flash ikimaliza kazi. Nikaona ni adabu, nimrudishie Patrick ikiwa safi. Nikakubali.

Haikuwa flash. Ilikuwa disk ya ndani, ya laptop yenyewe.

Folda ya nyimbo haipo. Nimetafuta kila mahali. Laptop inawaka kabla sijakaa vizuri. Nyepesi kweli. Haina kitu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Patrick. Mimi, kwa mkono wangu.

Hakunicheka, na hilo ndilo limenitisha. Kasema niizime, nisiiguse, nimpelekee kesho. Huenda akaokoa baadhi. Huenda. Akauliza kama kuna nakala. Hakuna — simu aliyorekodia Baba iliibwa Njombe.

Baba ananiuliza mashine inaendeleaje. Nimesema inawaka haraka. Si uongo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepita Kitandililo kwa Bibi kwanza, na simu ya Mama. Nikamwomba aniimbie wimbo ule, nimrekodi. Sikumwambia kwa nini. Alifurahi, akafunga kitenge upya, akakohoa, akasema "Kamwene" kwa simu.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kisha akanyamaza, mdomo wazi kidogo, akiangalia moto.

"Wa tatu umenikimbia, mjukuu wangu."

Nikasema tusubiri. Tukasubiri. Akajaribu tena, ukakatika palepale.

"Usihangaike," akasema. "Mimi sina wasiwasi. Baba yako aliuweka kwenye mashine."

Simu ikaita. Baba. Yuko njiani kuja huku na spika ya kanisani. "Mwambie Bibi leo atajisikia mwenyewe. Laptop umechukua wewe, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Imo kwenye begi, miguuni pangu. Bibi anapangusa kigoda cha Baba na kunung'unika ubeti wa pili, anarudia, anarudia. Nasikia pikipiki inapunguza mwendo pale kwenye migomba —