Kusomea ku Telefone

Mujukuu wangu Mwape,

Ninakusalimia toka Kampemba. Tuko bazima, na mama yako anakuwaza sana.

Unauliza kama uache kazi yako ya Kolwezi uje kusoma ku iniversite ya Kasapa, ao usomee ku telefone. Miye nilijifunza kushona na makaratasi ya masomo yenye ilikuwa inakuya na posta. Kila mangaribi nilikuwa ninaelezea bwana yangu, nkambo yako, masomo ya ile siku; alikuwa muntu wa kazi ya treni mwenye hakujuaka hata kushona kifungo. Siku moja akauliza: "Na mukono wa kushoto iko wapi?" Nikaangalia robe yenye nilikuwa ninashona. Nilikuwa nimekata mikono yote mbili ya kuume.

Usomee ku telefone, mwanangu. Lakini kila juma, siku ya Mungu, unipigie, unielezee masomo yako. Sitaelewa kitu. Nitakuwa nauliza tu, sawa vile bwana yangu.

Nkambo yako, Ngoie