Simu Iliyobaki na Jina la Loise

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Shifa,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta na afya njema, wewe, mumeo na kipenzi chetu Sauda. Je, kifua chake kimepoa? Usimvue kofia hata akilia, baridi ya huko siiamini. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Joto limezidi na goti langu bado lanisumbua ngazini, lakini napanda na kushuka, na mdomo wangu ni mzima vile vile ulivyouacha.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono zama hizi. Niliona nikikueleza haya kwa simu utalia, nami nitalia, na habari haitaisha. Tena ndani ya bahasha kuna kitu ambacho sitaki kipite hewani, kwa sababu utakazozisoma. Nimemkabidhi Fatemabai wa duka la vitambaa hapo chini, anayekuja huko kumtazama bintiye Naqiya.

Waijua ile simu niliyonunua ili nipate kuwaona. Niliinunua Mwembe Tayari kwa kijana mmoja aitwaye Tony, mwenye meza ya simu zilizokwisha tumika. Mimi ambaye hugeuza samaki sokoni hadi muuzaji akanuna, siku hiyo nilishikwa na haya. Tony alinipa stuli, akaniamkia vizuri, akaniagizia kahawa, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Baada ya hayo yote niwashe simu na kuipekua mbele yake kama askari wa forodha? Niliona ni kumwambia simwamini. Nikaitia mkobani, nikamshukuru, nikaja zangu.

Kumbe simu ilikuwa bado na jina la mwenyewe wa kwanza. Sikujua hata kama simu huwa na jina, ambalo vijana huliita akaunti. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha tu: Bibi yako akipakwa mafuta ya nywele, Bibi akitia hina, Bibi akinigombeza kwa kuunguza maandazi, na mimi mwenyewe kichwa wazi, nywele zimesimama kila upande. Nyumbani ni sisi wanawake watupu, nani angejifunika?

Ndiyo simu aliyokurekodia ile salamu ya video. Alinikataza katakata nisikutumie hadi Sauda atimize arobaini, na wamjua Bibi yako akishasema. Yaliyofuata wayajua pia. Mungu alimchukua kabla ya siku hiyo, na matanga hayajaisha simu nayo ikagoma kuwaka. Niliipeleka kwa fundi, akafuta kila kilichokuwamo bila kuniuliza. Ilipowaka ikataka neno la siri la mtu mwingine, na haikukubali lolote jingine. Nilipokuambia salamu imepotea, nilisikia ulivyonyamaza, mwanangu. Kimya kile kiliniuma sana, na hadi leo nakisikia.

Nilirudi kwa Tony nimefura. Aliomba radhi mpaka nikamhurumia, akasema yuko mtu anayejua kuvunja kufuli za namna hiyo. Nilikataa. Nilimwambia nataka mwenyewe anifungulie kwa mkono wake, na kama ni simu ya wizi basi nijue leo. Akaapa si ya wizi, aliuziwa na Loise, mwanamke wa Kigiriama anayefanya kazi duka la dawa karibu na Feri. Akanipa nambari yake.

Nilimpigia kwa kile kisimu changu cha vibonye. Baada ya salamu nikamwambia nimenunua simu iliyokuwa yake, imefungika kwa jina lake, naomba anisaidie. Akauliza, "Mama, wewe ndiye unayekaa na yule bibi wa hina?"

Shifa, ndipo nilipoelewa. Kila picha niliyopiga ilikuwa ikienda kwake, kwa kuwa hakuliondoa jina lake alipouza, nami sikuuliza niliponunua. Simu ilikuwa ikitumia mtandao wa dukani kwa Fatemabai kumpelekea nyumba yetu nzima mwanamke nisiyemjua. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamuuliza nani mwingine ameziona. Akasema hakuna. Alipoona ni wanawake wa Kiislamu wako vichwa wazi nyumbani kwao, alizificha mahali pa siri ndani ya simu yake mpya, maana mumewe naye huishika simu hiyo. Mwanzoni alitaka kuzifuta. Baadaye akazoea kumngoja Bibi.

"Zilipoacha kuja niliogopa," akasema. "Bibi hajambo?"

Nikamwambia. Akalia, mtu ambaye hata mlango wetu alikuwa hajaukanyaga.

Jumapili iliyofuata alikuja kutoka kanisani, na kikapu cha machungwa. Aliliondoa jina lake hata chai haijapoa, na sasa simu ni yangu kweli. Nawe uliniambia wataka kuuza simu yako ya zamani. Toa jina lako kwanza, mwanangu, na ufute kila kitu, usije ukawapelekea Waingereza picha za shangazi yako na nywele zake. Loise alizifuta zangu mbele yangu. Ile ya Bibi akicheka aliomba abaki nayo, nikamruhusu kwa moyo mmoja.

Salamu yako alikuwa nayo. Imo kwenye kikadi cha kumbukumbu kilichofungwa na barua hii.

Lakini nikueleze kabla hujaifungua. Bibi alijua fika kuwa anarekodiwa, ila alipoitazama simu akasahau, akadhani uko upande wa pili. Anasema, "Salaam aleikum, mwanangu," kisha anangoja. Anangoja tena. "Shifa, wanisikia? Mbona hunijibu?" Mimi nasikika nikicheka pembeni, nikimwambia aendelee, naye hataki kuendelea kabla ya kuitikiwa.

Loise aliniambia mara ya kwanza kuiona alikuwa peke yake jikoni. Alijua salamu si yake, lakini aliona haya kumwacha mzee akingoja vile. "Nikamwitikia," akasema. "Na kila nikiitazama, humwitikia."

Fatemabai ana halua yako, usikubali Naqiya aionje kwanza. Msalimie sana mumeo na mamake. Mungu akulinde ugenini, akukuzie Sauda akiwa na haya na akili, na atukutanishe kwa heri.

Ukiifungua salamu ya Bibi, mpakate mwanao. Akikwambia salaam aleikum, usinyamaze. Muda wote huu alikuwa akijibiwa na Loise.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Mwanakuu