Sauti ya Mchezo wa Vifaru

Jumatatu, 17 Februari 2025

Sijawahi kumwambia mtu, hata Mama: risasi zikilia, miguu yangu inakataa. Sikimbii. Mwaka jana zilipigwa karibu na soko, watu wote wakatawanyika, mimi nikabaki nimesimama na kikapu cha samaki wadogo, ndagala. Mama anadhani nilikuwa namtafuta yeye.

Shule imefungwa. Askari wa serikali wanakimbia mapigano, wanashuka kutoka uwanda wa Ruzizi, wengine bila viatu. Mama amesema tukipata njia tutavuka mpaka kwenda Burundi, mimi, yeye na mdogo wangu Placide. Itabidi kukimbia. Nami nitasimama tena — najua.

Nimepata wazo. Kwenye kompyuta aliyoniachia kaka Bertrand kuna mchezo wa zamani wa vifaru, wa Windows. Mashine yenyewe ni Linux, lakini programu ya Wine inaufungua vizuri. Picha tu. Sauti hakuna. Vifaru vinafyatua mizinga, kimya. Nikiweza kuusikia kila siku, kidogo kidogo, labda miguu itazoea.

Jumanne, 18 Februari

Bado kimya. Nimepandisha sauti zote hadi juu. Kuna kitu kwenye mipangilio kinachonyamazisha spika ukichomeka écouteurs za masikioni. Hicho nimekizima, nijue kama spika ni nzima. Wimbo wa kwaya unalia. Mchezo haulii.

Clovis wa darasani kwetu amekuja kuaga. Akaangalia, akacheka.

"Bella, vita ya bure iko huku inje, weye unatafuta ingine mu ordinateur?"

Sikumwambia sababu. Lakini ni yeye aliyeona kosa: mchezo ni wa biti 32, na mafaili yangu ya sauti ni ya biti 64 peke yake. Internet imekatika. Anayo yanayohitajika kwenye clé USB, kama mama yake hajaifunga ndani ya mizigo.

Milio ya risasi upande wa bandari ya Kalundu. Nilikuwa nachota maji. Nikasimama hadi ndoo ikafurika.

Jumatano, 19 Februari, mchana

Asubuhi Clovis aliiacha clé kwa Mama, akaenda bila hata kuingia. Nikaweka mafaili. Nikachomeka écouteurs, nikafungua mchezo.

Kifaru kikapiga — nyumba nzima ikasikia! Nilisahau kuwasha kile nilichokizima jana. Spika, juu kabisa. Mama akamlalia Placide kumkinga. Mimi nimekaa, hata mkono wa kuzima sina.

Kisha mlango ukapigwa teke. Askari mmoja, bunduki mbele, macho mekundu.

"Nani iko anapiga humu?"

 Nikaonyesha kioo cha kompyuta. Akakiangalia muda mrefu.

"Aa. Kumbe ni muchezo."

Akaketi kwenye kiti cha marehemu Papa, bunduki mapajani. Akasema wenzake wanakuja, watalala hapa, hakuna atakayetoka. Akamuuliza Mama kama Placide naye anajua kupiga. Akacheka peke yake.

"Weye, onyesha minye namna ya kupiga."

Nikamwonyesha. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwita mkubwa: "Chef, na écouteurs inasikika muzuri zaidi." Nikawasha kile kitu. Spika ikanyamaza. Nikamvalisha, sauti juu.

Nikasimama nyuma yake, nikaita: "Chef." Hakugeuka.

Mama alielewa kabla yangu. Akamfunga Placide mgongoni, akapita mlango wa jikoni. Mimi nikakaa mezani, nikafungua hiki kijitabu. Askari akigeuka, anamwona mwanafunzi anaandika. Amegeuka mara moja. Akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto: "Mama yako iko wapi?" Nikaonyesha jikoni, nikafanya ishara ya kula. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye vifaru vyake.

Betri inakaribia kwisha. Kompyuta ikizimika, atasikia kila kitu, hata kuku.

Milio inavuja masikioni mwake, midogo midogo, tak tak. Nje kuna mingine, ya kweli, inakaribia. Mkono wa Mama uko kwenye mlango wa jikoni, unaniita. Hataondoka bila mimi. Namjua.

Nimevua viatu chini ya meza. Nimerudisha kiti nyuma. Hajageuka. Nimeweka viatu ndani ya blauzi.

Nimesimama. Haya naandika nimesimama.

Mguu wa kulia umesogea.