Jukwaa la Kwaya kwenye Shamba la Baba

Tryphena Mbinya Ngui,
S.L.P. 418,
Voi.

9 Septemba 2025

Mpendwa kaka Geoffrey,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani kwenye jua na vumbi letu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Wendy, na Hillary ambaye bila shaka sasa amekupita kimo. Huko Kanada baridi imeanza kubisha? Na ule mgongo uliokulaza siku tatu wakati wa Pasaka umepona, au bado unajikaza tu kama Baba?

Sisi huku hatujambo. Shanice yuko Kidato cha Tatu na hesabu anapata, hiyo amerithi kwangu. Presha yangu imeshuka kidogo. Daktari alisema nipunguze chumvi na hasira. Chumvi nimepunguza.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Simu yako ni ya dakika nne, tatu za kujuliana hali na moja ya mtandao kukatika. Hili ni jambo la kukaliwa chini, nalo linahusu shamba la Baba, zile ekari tatu za njia ya Mwatate. Nitakueleza jinsi nilivyoliona mimi, moja baada ya lingine. Tafadhali usiruke ukurasa.

Haya matamasha ya bure ya kwaya ya kanisa letu unayajua. Yanarushwa moja kwa moja kwenye simu, na Shanice alinionyesha jina lako pale chini likiandika Amina mara saba katika tamasha moja. Mimi, ninayekaa kilomita nne kutoka shambani, nilijua Jumamosi moja kabla ya lile la kwanza. Nilikuwa nimeenda kutoa viti katika stoo yangu ya pale shambani nikakuta vijana wanafyeka. Donald Mwadime, ambaye sasa ndiye mwalimu wa kwaya, akaniambia kaka yako ameturuhusu. Nikasema sawa, ni siku moja.

Hiyo ilikuwa Februari. Unajua mimi huhesabu watu kwa viti, ndiyo kazi yangu. Nilianza na viti kumi na viwili vya plastiki nikivisukuma kwa mkokoteni, leo nina mia sita na hema tisa, na hakuna aliyenishika mkono. Siku ile walikaa watu mia mbili na arobaini, kwenye viti vilivyokodiwa kutoka Mwatate. Vyangu vilikuwa ndani ya stoo yangu, hatua kumi na tano kutoka kwa waimbaji.

Moyo haukutulia. Waimbaji ishirini na wanane, kinanda, spika kubwa kama kabati, jenereta, soda za watoto, na mlangoni hakuna hata kapu la sadaka. Bure ya namna hiyo mimi sijawahi kuiona, hata kwenye mazishi.

Tamasha la Machi likaisha, mbao za jukwaa zikabaki. Donald akasema ni mzigo kuzibeba kila mwezi. Aprili wakachimba mashimo sita. Nilipima kwa kijiti: futi mbili kwenda chini kila moja, na saruji ndani. Kaka, mimi nafunga hema kila Jumamosi ya Mungu. Mtu wa siku moja hupiga kigingi, jioni anang'oa anaenda zake. Anayemwaga saruji hana safari.

Mei wakajenga choo. Juni likaja tangi la maji. Julai nikakuta wamepanda miche ishirini na miwili ya mwarobaini. Ungedhani wangeipanda karibu na jukwaa, wapate kivuli. La. Waliipanda kwenye mpaka, kulizunguka shamba lote, na ndengu zangu zikiwa katikati kama mateka.

Wewe na mimi tumeona mashamba yakienda hivyo. Mzee mmoja kule Salaita, jirani ya Mjomba Mutuku, aliwapa watu kivuli cha kukutania tu. Leo anaomba ruhusa kupitisha mbuzi wake. Majirani wa hapa waliniambia nishukuru, eti tangu zile spika zianze, ndovu hawajavuka kuja kula ndengu. Niliwajibu kwamba ndovu akishiba anaondoka, hapandi miti mpakani.

Sasa sitakuwa mwongo niseme hawaimbi. Wanaimba. Sauti ya nne ilikuwa imekufa tangu uondoke, lakini wamempata kijana wa bodaboda anaitwa Munyoki, akishuka chini unahisi benchi linatetemeka. Tamasha la Agosti nilihesabu watu mia nne na kumi na wawili. Wafanyakazi wa mkonge walikuja kutoka Mwatate na nguo za kazi. Mama mmoja kutoka Ronge, aliyewaletea waimbaji mkungu mzima wa ndizi, aliniambia hajawahi kualikwa mahali pasipo na tiketi wala jeneza. Na mimi niliyekuja kuhesabu nilijikuta nyuma kule naimba sauti ya pili, ile ile niliyoimba kabla ya kufutwa kwenye kwaya mwaka 2014 kwa kukosa mazoezi matatu, nikiwa natafuta chakula. Nilijikasirikia mpaka nikafika nyumbani.

Basi Alhamisi iliyopita nikaenda kanisani kwenye mazoezi. Donald alikuwa anairudisha sauti ya tatu kwenye noti za so-fa, zile do-re-mi, mstari mmoja mara tano, kwa sababu wanapopanda juu wanalegea. Niliketi nikangoja, hata hasira ina adabu yake. Walipomaliza nikasimama mbele ya wote ishirini na wanane, nikamwuliza ni nani aliyewatuma kumwaga saruji kwenye shamba la Ngui. Munyoki akanong'ona kwamba sauti ya pili imerudi, na kwa nilivyopaza, imerudi na sauti ya kwanza pia. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Donald hakukasirika. Alifungua lile faili wanaloweka nyimbo, akatoa karatasi kati ya zaburi mbili, akanipa.

Ilikuwa barua yako, kaka. Imechapwa, lakini sahihi naijua, ile G yenye mkia. Ya Januari tarehe kumi na moja. Unasema wewe ndiwe mwenye shamba hili peke yako, unaipa huduma ya muziki ruhusa ya miaka kumi na mitano, na ukirudi mtaandikishana rasmi. Nikauliza, na miti? Donald akasema miti uliagiza wewe, ipandwe kwenye mpaka wote, na picha wamekutumia. Na saruji? Uliandika kwamba jukwaa liwe la kudumu.

Kisha akanitazama kama mtu aliyekanyaga kidole cha mwenzake gizani.

"Dada Mbinya, utusamehe," akasema. "Sisi tulijua wewe ni mpangaji wake."

Hakuna aliyecheka tena. Walikusanya karatasi zao wakatoka mmoja mmoja. Na shaka yangu, iliyokaa miezi saba juu ya kanisa, ikafunga mizigo ikahamia Kanada.

Mpangaji. Mimi niliyelima pale misimu ishirini na miwili tangu Baba afariki. Mimi niliyemwuguza Mama miaka minne katika nyumba ile ya shambani, wewe ukiuliza hali yake kwa zile dakika nne. Sikulaumu kwa kuwa mbali, kila mtu na riziki yake. Nataka tu kufahamu mkono wako ulikuwa unafanya nini siku ile.

Nimejaribu kukutetea. Labda uliandika haraka ukienda kazini. Labda uliona nimefanikiwa, nina hema na viti, ukasema moyoni mwako kwamba siwezi kuhitaji udongo. Labda umerudi kufikiri kama wazee, kwamba binti ni wa kwa watu, na binti aliyeolewa akarudi ni mgeni mara mbili. Sitakusomea Katiba, unajua kusoma. Nakuuliza neno moja, nami nitaamini jibu lako hata likiwa baya: ulipoandika "peke yangu", ulinisahau, au ulinihesabu kisha ukaniondoa?

Kanisa sikulifukuza. Wao walialikwa, na mgeni haulizwi makosa ya mwenyeji. Nilikaa na Donald Ijumaa tukakubaliana. Hawatachimba tena wala kuongeza tofali. Ruhusa itakuwa ya mwaka mmoja mmoja, na iandikwe upya, yenye mistari miwili ya sahihi. Wangu nimeshatia, wako uko wazi. Tamasha la tarehe ishirini na nane litakuwepo, na safari hii viti vinatoka stoo yangu. Miche nayo nimeiacha. Naimwagilia mwenyewe, kwa kuwa mti hauna hatia, na mpaka ule ni wangu pia.

Kabla sijafunga: Shangazi Katuku anawasalimu sana, macho yamepungua lakini masikio bado yanasikia hata yasiyosemwa. Mjomba Mutuku naye anasalimu, na anauliza kama kweli huko mtu hulipwa kwa kuzoa theluji. Shanice anamwambia Hillary ajibu ujumbe wake. Mpe wifi salamu zangu za moyo, simhusishi na haya.

Jambo la mwisho. Unajua shamba bado liko kwa jina la Baba, hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kuomba urithi. Jana nilikwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuanzia, ile inayotaja watoto wote wa marehemu. Chifu ni mpya, alihamishiwa hapa Juni. Hamjui Baba, mimi alikuwa ananiona kwa mara ya kwanza, na wewe hajawahi kukusikia. Ofisini tulikuwa sisi wawili, hakuniuliza shahidi. Alishika kalamu akasema, "Watoto ni wangapi, mama?"

Kaka, nilinyamaza. Nakuambia ukweli, nilinyamaza mpaka akainua kichwa.

Nikamwambia ni wawili. Nikamtajia Geoffrey Munyao Ngui, na kitambulisho chako nambari kwa nambari, ninayo kichwani tangu ile safari yako ya kutafuta pasipoti. Nakala nimeikunja humu ndani pamoja na fomu ya kukubali tuombe urithi sote wawili, utie sahihi na kuirudisha kwa posta ya rejista. Utaona jina lako ni la kwanza. Wewe ulizaliwa kwanza.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mtulivu ukishamaliza kuisoma hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayengoja jibu lako,

Mbinya